Kama Neno halibadiliki, mstari wa 21 umekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha Shule ya Jumapili katika usharika wetu. Majuzi niliandaa somo la yule kijana mwenye kifafa katika Mathayo 17, na nilitaka watoto wakariri mstari wa 21, "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga." Katika Biblia ya marehemu bibi yangu upo, ila umefungiwa kwenye mabano. Katika tafsiri niliyo nayo kwenye simu, namba inaruka kutoka 20 hadi 22. Mtoto mmoja akaniuliza mbele ya wenzake mstari umekwenda wapi, nikakosa jibu. Kazini nina rafiki Mwislamu, tunaheshimiana sana. Nilipomsimulia, akanitania kwamba kitabu chetu kimechakachuliwa. Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Sisi tunafundisha kwamba Neno la Mungu halibadiliki. Je, tunawafundisha watoto jambo lisilo kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mstari wenyewe, kwa kuwa najua Jumapili haiko mbali na yule mtoto bado anakusubiri, kisha nije kwenye swali kubwa ulilolifunga ndani yake.

Namba ya mstari na maneno ya mstari ni vitu viwili vyenye umri tofauti kabisa. Mathayo hakuandika namba. Mgawanyo wa mistari ya Agano Jipya tunaoutumia leo ulifanywa na mchapishaji Mfaransa aitwaye Robert Estienne katika toleo lake la Kigiriki la mwaka 1551. Maandishi aliyoyagawa yalitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Erasmus, aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel mwaka 1516 akitegemea nakala chache alizozikuta huko, zilizonakiliwa karne nyingi baada ya mitume. Katika maandishi hayo maneno ya kusali na kufunga yalikuwamo, nayo yakapewa namba 21. Baadaye wataalamu walianza kuzichunguza kwa makini nakala za zamani zaidi, hasa mbili za karne ya 4: ile iliyo katika maktaba ya Vatikano, na ile iliyotoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima Sinai. Ya Vatikano haina maneno hayo. Katika ile ya Sinai mwandishi wa kwanza hakuyaandika. Yaliongezwa na msahihishaji aliyepita baada yake. Wafasiri wanaozifuata nakala hizo za kale huyashusha maneno hayo kwenye tanbihi, au huyafungia kwenye mabano kama ulivyoona katika Biblia ya bibi, lakini hawawezi kuzisogeza namba zinazofuata, kwa sababu Wakristo wa dunia nzima wamekwisha kuzizoea. Nyumba namba 21 ikibomolewa mtaani, ya 22 haibandikwi namba mpya.

Maneno yenyewe yalitoka wapi? Fungua Marko 9:29, ambako wanafunzi wanauliza swali lilelile na Yesu anawajibu kwamba namna hii haiwezi kutoka isipokuwa kwa kuomba. Wanakili wa kale walizijua Injili kwa moyo, kama wewe unavyoijua Zaburi ya 23, na mtu anayenakili Mathayo huku Marko akimlia masikioni ni rahisi aliingize jibu la Marko pale ambapo Mathayo alinyamaza. Hata hayo maneno "na kufunga" katika Marko hayamo katika nakala hizo mbili za kale kama zilivyoandikwa kwanza. Wataalamu wengi, nami nikiwa pamoja nao, tunaona kwamba yaliongezwa katika karne ambazo kufunga kulishika nafasi kubwa sana katika maisha ya kanisa. Mnakili aliyeyaongeza hakuwa mwongo. Aliandika kile ambacho kanisa lake lilikuwa likikitenda kila juma.

Wala kufunga hakukupotea pamoja na mstari huo. Katika Mathayo huyohuyo, sura ya 6, Bwana anasema "Tena mfungapo," akichukulia kwamba watafunga na akiwafundisha namna ya kufunga. Na katika Matendo 13 kanisa la Antiokia linafunga na kuomba kabla ya kuwawekea mikono Barnaba na Sauli. Mchungaji anayehubiri juu ya maombi ya kufunga ana mahali pa kusimama hata bila Mathayo 17:21, ingawa nakiri kwamba wengi wetu tumeusimamia mstari huo mmoja mpaka ukachoka.

Sasa swali lako lenyewe. Neno "halibadiliki" tumelipokea kwenye mahubiri na kwenye nyimbo bila kuuliza limebeba mzigo gani. Kwa wengi linamaanisha kwamba tangu siku nabii alipoweka kalamu chini hakuna herufi iliyodondoka wala kuongezwa mahali popote, katika nakala yoyote. Maandiko hayajidai hivyo. Chukua mstari ambao watu huutumia zaidi kutetea jambo hili, Isaya 40:8: "Majani yakauka, ua lanyauka, bali neno la Mungu wetu litasimama milele."

Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waligundua katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, mahali paitwapo Qumran, gombo la ngozi lenye kitabu chote cha Isaya, sura 66. Gombo hilo lina urefu wa zaidi ya meta 7, limeshonwa kwa vipande 17 vya ngozi, na liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo kuzaliwa. Kabla ya hapo nakala kamili ya kale zaidi ya Isaya ya Kiebrania tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka ya 900 hivi baada ya Kristo, kwa hiyo kwa mara moja tulirudishwa nyuma miaka elfu moja. Wahubiri wengi hufika hapo na kusema kwamba gombo lilikutwa sawa kabisa na Biblia zetu, watu wakapiga makofi. Kwa sehemu kubwa mno ni sawa, nami hushangaa kila ninapolisoma, lakini "kabisa" ni neno lililozidi. Tofauti zimo kwa mamia, nyingi zikiwa za tahajia, chache zikiwa za maana.

Na moja ya tofauti hizo iko hapohapo kwenye Isaya 40. Picha za gombo zimewekwa wazi mtandaoni, nami darasani huwa naikuza safu ya 33 mpaka herufi zijae ukutani. Mstari wa 7 na wa 8 huanza kwa maneno yaleyale, "Majani yakauka, ua lanyauka." Mwandishi wa kwanza aliyaandika mara moja tu, kisha akaendelea moja kwa moja na "neno la Mungu wetu", yaani yale ya katikati, kwamba pumzi ya Bwana yapita juu yake na kwamba yakini watu hawa ni majani, hayakuandikwa. Aliyewahi kunakili somo ubaoni anajua jambo hili linavyotokea: unainama kuandika, unainua macho, unakuta neno ulilolifikia, kumbe ni la mstari wa chini. Baadaye mkono mwingine, wenye mwandiko tofauti, ulikuja ukayaandika maneno yaliyokosekana kwa herufi ndogo juu ya mstari, na nafasi ilipokwisha yakateremka pembeni mwa safu. Mahali pa jina takatifu la Mungu huyo msahihishaji hakuthubutu kuandika herufi. Aliweka nukta nne.

Wanafunzi wangu hukaa kimya wanapoliona hilo. Mstari unaosema Neno litasimama milele ndio huohuo uliokosewa na kusahihishwa, na masahihisho hayakufichwa. Hakuna aliyeikwangua ngozi ili ionekane safi.

Jambo haliishii hapo. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, yaani Kigiriki, iliyofanywa na Wayahudi kabla ya Kristo, nayo ina umbo fupi la maneno hayo, hata wako wataalamu wanaouliza kama yule mwandishi wa kwanza aliruka kweli au alikuwa na nakala fupi mbele yake. Petro, anapoyanukuu katika waraka wake wa kwanza, 1:24-25, anafuata umbo hilo fupi. Weka kidole kwenye Isaya 40 na kingine kwenye 1 Petro katika Biblia ya bibi. Katika Isaya utasoma kwamba "wema" wa wanadamu ni kama ua la kondeni. Katika Petro ni "fahari," kwa sababu Kiebrania na Kiyunani vinatofautiana hapo. Isaya anasema "neno la Mungu wetu," Petro anasema "Neno la Bwana." Mitume walikuwa na Maandiko yaliyofika kwao katika maumbo zaidi ya moja na katika lugha ambayo Isaya hakuisema, na hata hivyo Petro hakuona haya kuandika kwamba Neno hilo hudumu hata milele. Tena akaeleza ni neno gani analolisema: "Na neno hilo ni neno lile jema lililohubiriwa kwenu." Kinachodumu kwa Petro ni ahadi ya Mungu, iliyotamkwa na nabii na kutimizwa katika Kristo, ambayo wasikilizaji wake waliipokea kwa masikio yao. Ngozi na wino ni vyombo vya kuibebea.

Hata maneno ya Bwana mwenyewe, "Mbingu na nchi zitapita, lakini maneno yangu hayatapita kamwe," tunayo kwa Kigiriki, ilhali lugha aliyoizungumza na watu wa Galilaya ilikuwa Kiaramu. Sauti yenyewe tumeachiwa katika maneno machache tu ambayo wainjilisti waliyaacha katika lugha hiyo, kama "Talitha, kumi" na "Efatha." Kama Mungu angekusudia Neno lake lidumu kwa kuhifadhi kila silabi ilivyotamkwa, kanisa lingekuwa limeshindwa tangu ukurasa wa kwanza wa Injili.

Nakushauri pia usome Yeremia 36 polepole. Baruku anaandika gombo kwa kuambiwa na Yeremia. Linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Na kila zinaposomwa safu tatu au nne mfalme anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Nakala ya kwanza kabisa, iliyotoka kinywani mwa nabii, ikawa majivu. Mungu hakuitoa motoni kwa muujiza. Alimwambia Yeremia atwae gombo jingine aandike tena, na sura inamalizika kwa kusema kwamba maneno mengi kama yale yakatiwa zaidi. Mfalme alichoma ngozi, lakini hukumu iliyoandikwa juu yake ilimfuata vilevile.

Nije kwa rafiki yako wa kazini. Usimkasirikie. Yeye anapima kwa kipimo alicholelewa nacho: kwa Mwislamu, Kurani ni maneno yaliyoteremshwa kwa Kiarabu, na tafsiri ya Kiswahili ni ufafanuzi wa maana wala si Kurani yenyewe. Kwa kipimo hicho kitabu chenye nakala zinazotofautiana na tafsiri zinazosomwa ibadani kama Maandiko kamili lazima kionekane kimeharibika. Wakristo hatujawahi kuielewa Biblia kwa namna hiyo, na makosa yetu ni kwamba tunapobanwa tunaazima kipimo chake, tunajigamba kwamba hata herufi moja haijawahi kuguswa, kisha mtoto wa Shule ya Jumapili anafungua simu na kutuumbua.

Neno "kuchakachua" nalo tulipime. Anayechanganya mafuta ya taa na dizeli hufanya usiku, na hakuandikii kwenye pampu kwamba lita hii ina mchanganyiko. Tanbihi iliyokusumbua inafanya kinyume chake, kwa maana inakuambia mchana kweupe kwamba nakala hizi zina maneno haya na nakala zile hazina. Tena nakala za Kigiriki za Agano Jipya, nzima na vipande, zimepita 5,000, na zilinakiliwa Misri, Siria, Ugiriki, Italia na kwingineko. Katika karne tatu za mwanzo, kanisa likiwa linateswa, hapakuwa na ofisi iliyoweza kuzikusanya zote na kuzirekebisha kwa siri. Wingi huo ndio unaozaa tofauti, na ndio huohuo unaoziumbua. Nyongeza ya 1 Yohana 5:7 kuhusu mashahidi watatu mbinguni ni mfano mzuri: Erasmus hakuikuta katika nakala zake za Kigiriki, akaiacha nje mwaka 1516 na tena 1519, akalaumiwa sana, akaiingiza mwaka 1522, leo tafsiri nyingi zimeitoa au zimeifungia kwenye mabano, na imani ya Utatu haikutikisika, kwa kuwa haikujengwa juu ya maneno hayo. Sehemu ndefu zenye mjadala ni mbili tu, mwisho wa Marko (16:9-20) na habari ya mwanamke aliyefumaniwa (Yohana 7:53 hadi 8:11), na utaziona zimewekewa alama katika tafsiri nyingi.

Biblia ya bibi yako yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1844, mwaka uleule mtaalamu Mjerumani Tischendorf alipoziona kurasa za kwanza za nakala ya Sinai, mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Askofu Edward Steere alitafsiri kwa Kiswahili cha Unguja, akafariki mwaka 1882, na Biblia nzima ikatoka miaka michache baadaye. Mombasa nao wakapata ya kwao mwaka 1914. Mwaka 1937 Karl Roehl akatoa Biblia iliyojitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Ukienda kwenye mkutano wa injili miaka hiyo, waumini wa pwani na wa bara waliweza kufungua vitabu vitatu visivyofanana. Ndipo ikafanywa ile ya muungano, iliyokamilika mwaka 1952, ambayo nadhani ndiyo ya bibi: utaijua kwa "lo lote" na "ye yote" zilizoandikwa kwa maneno mawili, na kwa "Bwana" pale ambapo Biblia ya Habari Njema inaandika "Mwenyezi-Mungu." Bibi alipokuwa msichana huenda mama yake alilalamika kwamba hiyo mpya imeharibu maneno aliyoyazoea. Kila kizazi husikia Neno kwa sauti ya tafsiri iliyomlea, na huidhania sauti hiyo kuwa ndiyo Neno.

Kuna badiliko moja ambalo hulitaja sana nikiwafundisha watumishi, nalo ni la wasomaji. Steere alijenga kanisa kuu la Unguja mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na baadhi ya waliofanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni yake walikuwa vijana waliokombolewa kutoka majahazini. Miaka michache tu nyuma, wahubiri wa kusini mwa Marekani walikuwa wakisoma waraka wa Filemoni kutetea utumwa. Waraka ni uleule, na maneno ya mstari wa 16, "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa," yalikuwamo katika Biblia zao wote. Hakuna aliyeyafuta, walipita juu yake tu. Mimi naogopa zaidi msomaji wa namna hiyo kuliko mnakili aliyesinzia.

Kwa hiyo Jumapili fanya hivi. Mwambie yule mtoto kwamba swali lake ni zuri, na mbele ya wenzake, kwa sababu mbele yao ndipo alipouliza. Waandikie ubaoni mistari miwili inayoanza kwa maneno yanayofanana, wape dakika tatu wainakili haraka, kisha wabadilishane madaftari na kusahihishana. Atakuwapo atakayeruka. Halafu wafungue Biblia zote zilizopo, za karatasi na za simu, wasome Mathayo 17:20, watazame mabano au tanbihi, waende Marko 9:29, na wakariri hiyo badala yake. Rafiki yako naye muoneshe ile safu ya 33 ya gombo la Isaya. Yeye na mwandishi anayeweka nukta nne badala ya Jina kwa kumcha Mungu, nadhani wataelewana.

Na Biblia ya bibi usiiweke kabatini kwa sababu ya hayo mabano. Angalia pembeni mwa kurasa zake. Wazee wetu walikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli tarehe waliyousoma mstari fulani, wakati wa msiba au wa njaa, na huenda kwenye Isaya 40 ukakuta mwandiko wake.